Kisima cha Baharini Ambacho Mjukuu Wangu Hakukipima

Mimi shule niliiacha mapema, lakini mjukuu wangu msichana anapima visima vya mafuta katikati ya bahari, nchi za watu. Nimelisema hilo kanisani hadi wamechoka. Wacha wachoke.

Mwaka huu alirudi hapa Nyeri kabla zamu yake haijaisha, uso umemshuka. Nikajua kuna jambo.

Chai haijachemka, jirani yangu mwenye mdomo akaingia. "Ati umetoka kwa visima? Si uje uone yetu, maji imekataa kutoka."

"Yangu ni ya mafuta na gesi, mama. Iko baharini."

"Baharini! Nani huchimba kisima ndani ya maji?" Akacheka mpaka akakohoa.

Alipoondoka, msichana akanieleza. Kila kisima hupimwa peke yake. Kinaachwa kitiririke mpaka kitulie, ndipo waandike kimetoa mafuta kiasi gani, gesi kiasi gani, maji kiasi gani. Taarifa huenda kwa serikali ya huko. Safari hii mtambo wa kupimia uliharibika, kisima kimoja kikabaki. Mkubwa wake akamwambia achukue hesabu za mwezi uliopita, azibadilishe kidogo, atume. Akakataa. Akapandishwa helikopta: nenda nyumbani, tutakuita.

"Si ungeandika tu?" nikamwuliza. "Nani angejua?"

"Cucu, presha ya kisima ikiwa imepanda hatutajua. Na watu wanalala kwenye jukwaa, juu ya hicho kisima. Hata mimi nalala hapo."

Nikammiminia chai. Lakini kazi niliitaka bado. Simu ikilia, moyo unaruka.

Wakubwa wake walipiga tukiwa shambani tunachuma majani chai. Aliongea Kiingereza, kidogo tu, akairudisha simu mfukoni.

"Wanasema nini?"

"Nirudi wiki ijayo. Lakini kwanza niweke sahihi kwamba nilipima."

"Na wewe?"

"Nimewaambia sikupima. Wamesema basi, watatafuta mwingine."

Nilitaka kumgombeza, nikataka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Yeye akainamia chai, akachuma mbiombio, majani magumu pamoja na machanga, yote ndani ya kikapu. Karani anayepokea chai kituoni angeyakataa, nilijua. Nikamwacha achume.