Baraka ya Cucu na Ulimi Wangu wa Tarumbeta

Mwalimu wa bendi ya kanisa letu pale Siakago alikuwa amenivumilia miezi mitatu. Alisema ulimi wangu una digrii lakini hauna kazi. Wimbo wa kumpokea askofu ulianza na tarumbeta moja peke yake, noti za haraka haraka, na kila noti ilitakiwa isikike kivyake. Zangu zilitoka zimeshikana kama uji uliolala.

"Gusa nyuma ya meno. Tu, tu, tu. Usipige, gusa."

"Kwa nini hapo, mwalimu?"

"Kwa sababu nimesema."

Sikuridhika. Nilitazama video tatu kwenye simu, nikapata majibu matatu. Nilichora hata kinywa changu kwenye daftari, nikaweka mishale. Mwalimu alipoiona ile picha alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Jumamosi nakusikiliza mara ya mwisho. Ukishindwa, Jumapili utapiga matoazi."

Matoazi hayana ubaya. Ila nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu, hata binamu zangu watatu wa Kianjai, kwamba mimi ndiye nitakayefungua wimbo.

Jumamosi asubuhi cucu, mama yake baba, aliniita uani alikokuwa akipepeta ndengu. Mimi nimepewa jina la marehemu mume wake, kwa hivyo huniita mume wangu, na hunigombeza vilevile.

"Mume wangu, nasikia hiyo tarumbeta imekushinda. Kuja nikubariki."

Baraka zake ni za kizamani: anakutemea mate kidogo kifuani. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu nilikuwa nikimkwepa na kumhutubia kuhusu vijidudu. Siku hiyo sikuwa na nguvu za kubishana. Nikafungua kifungo cha shati.

Thu. Thu. Thu.

Mate yenyewe karibu hayakuwapo. Meno mawili ya mbele hana, kwa hivyo ulimi niliuona wazi: ncha tu ndiyo iliyogusa na kurudi. Shavu halikutikisika, pumzi haikukatika. Mimi kwa kila noti nilikuwa nasukuma ulimi mzima, kama mtu anayesukuma lori matopeni.

"Cucu, rudia."

Akanitazama kwa mashaka. "Hiyo inatosha."

"Polepole kwanza. Halafu upesi."

Alinibariki kama mara ishirini, mimi nimeinama, pua karibu na mdomo wake. Mama alipita na ndoo, akasimama, akaenda zake bila kuuliza. Mwishowe cucu aliomba maji ya kunywa.

Mchana mwalimu alinisikiliza akiwa amefumba macho. Noti mbili za katikati ziligongana. Nikarudia, zikagongana zile zile. Mara ya tatu zikapita.

"Nani amekufundisha?"

"Cucu."

"Kumbe anapiga tarumbeta?"

"Hapana, mwalimu. Anatema mate."

Akayarudisha matoazi kabatini. "Utafungua wewe."

Nikafungua. Baada ya ibada nilimkuta cucu nje ya kanisa, akiwaeleza binamu zangu wa Kianjai kwamba yule mkaidi wa chuo kikuu ametubu, ameomba baraka mara ishirini, na Mungu amemfungua ulimi. Nilijongea niwaeleze habari za ncha na pumzi, maana kitu kama hiki kina sababu yake.

Hawakunisikia. Wote watatu walikuwa wamepanga foleni mbele yake, vifungo wazi.