Mistari ya Kuamka

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua tangu alfajiri, ile ndogo isiyo na haraka, na jua halikuonekana kabisa. Mistari sita.

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu. Kila mstari ulikuwa ni mara moja niliyoamka usiku. Gizani sikuweza kuandika, kwa hiyo niliweka kopo karibu na kichwa, na kila nikiamka nilitumbukiza punje moja ya mahindi. Asubuhi nilihesabu punje nikapiga mistari kwa penseli. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, shule ya misheni kule kwetu Zombo, na mpaka leo sijui kama kuna namna bora ya kuandika jambo kama hilo. Hali ya hewa niliiandika kwa sababu mwalimu wetu alisema daftari la siku huanza na hali ya hewa. Sikujua kwamba ingekuja kunifaa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa kwenye shamba la mkonge, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kilosa mjini. Kazi yangu ilikuwa kulisha korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake. Unasimama mezani, unayapanga majani yakae sawasawa, mnyororo unayachukua unayapeleka kwenye visu. Nilikuwa nimekata mkonge miaka minne, miiba ikinichoma mapajani, ndipo nikapewa nafasi hiyo. Sisemi nilikuwa hodari kuliko wengine. Nadhani nilipewa kwa sababu mikono yangu ilikuwa haitetemeki.

Sasa Alhamisi hiyo nilisinzia nimesimama. Mkono wangu wa kulia ulikwenda na majani, nami sikuuona ukienda. Aliyenivuta ukosi wa shati alikuwa mwenzangu wa upande wa pili wa meza, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye pia alikuwa jirani yangu katika nyumba za kambi. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa udongo usiofika kwenye paa.

Nyapara aliona. Akaja taratibu, akasubiri zamu iishe mashine isimame, maana yeye hakupenda kupiga kelele.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya pili, mzee."

"Ya tatu unarudi kukata. Mimi sitaki mkono wa mtu kwenye singa zangu."

Alikuwa na haki. Nimelifikiria neno lake mara nyingi na sijaona mahali alipokosea.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo nisingependa kulieleza. Nilikuwa tayari nimeshampata wa kumlaumu kwa usingizi wangu, na alikuwa huyohuyo aliyeuokoa mkono wangu. Kila usiku niliamka nikijikuna, mgongo na mbavu. Nikasema ni kunguni. Nikamwagia kitanda changu maji ya moto, nikaziba nyufa kwa udongo, na bado niliamka. Basi nikajiambia, kunguni hawa wanapita juu ya ukuta, wanatoka kwa jirani. Nikaenda kumwambia nyapara. Jumapili ya tarehe kumi nyapara akamwamuru jirani yangu atoe vyombo vyote nje, amwagie kitanda maji ya moto na afukize chumba. Siku yake ya kupumzika iliishia hapo.

Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani. Tangu babu zetu, yeye anaruhusiwa kunitukana mbele ya watu nami sikasiriki, na mimi vilevile. Kila asubuhi kwenye bomba la maji alikuwa akiniuliza kama mbuzi niliolala nao kule milimani hawajambo, nami nilikuwa namuuliza kama shingo imepona, maana wao ndio waliopita kwetu zamani na mizigo ya watu kichwani. Lakini Jumapili ile alitoa kitanda chake nje bila kusema neno. Mtani asiyetania ni jambo zito. Niliona, nikaingia ndani.

Haki nyingine niitoe kwa dresa wa zahanati ya shamba. Nilikwenda kwake mwanzoni mwa Machi. Akanivua shati, akatazama mgongo wangu, akasema, "Hizi si alama za kunguni. Kunguni anauma hapa, anasogea, anauma tena. Wewe umevimba mgongo wote kama uliyelala kwenye majani. Umelala wapi?"

"Kitandani kwangu."

"Kitanda gani?"

Nilidhani ananidharau, nikachukua dawa yake ya kupaka nikaondoka. Aliniuliza swali la kweli nami sikulijibu.

Jumamosi, tarehe kumi na sita, mvua ilikatika mchana lakini hewa ilibaki nzito, nguo hazikauki. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu amekaa mlangoni na mtoto, anacheka mpaka anafuta machozi.

"Baba mtoto, huna godoro."

"Limekwenda wapi?"

"Mtani wako kalichukua. Kalipitisha kambi nzima kalibeba kichwani, anaimba wimbo wa wapagazi."

Nilikwenda kwake. Alikuwa amelala juu ya godoro langu chumbani mwake, mikono chini ya kichwa.

"Mtani, rudisha godoro."

"Nirudishe nini? Umenimwagia kitanda changu maji ya moto, mpaka leo kamba zimelegea. Usiku wa leo nalala kwa Msagara."

"Nitalala wapi mimi?"

"Kalale na mbuzi. Ukitaka godoro, lete kuku ulikomboe."

Ndiyo desturi. Mtani akichukua kitu chako humshitaki kwa nyapara wala hukasiriki, unakikomboa. Na mimi, kusema kweli, nilifurahi kwamba amerudi kutania. Mke wangu alikuwa analala na mtoto kwenye godoro lake la sufi, alilokuja nalo kutoka kwao Mikumi tulipooana, na halikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Nikatandika mkeka sakafuni. Nikaweka kopo langu karibu na kichwa kama kawaida.

Asubuhi kopo lilikuwa tupu. Nililipindua nikalitikisa, maana nilidhani mtoto amechezea punje. Mke wangu akaniambia, "Usilitikise. Ulikoroma mpaka nikataka kukuamsha."

Nilitoka nje. Kwenye bomba alikuwepo mtani wangu, kifua wazi, anajimwagia maji kwa kata na kujikuna kwa mkono wa pili. Mgongo wake ulikuwa umevimba kama wangu.

"Wewe mtu wa milimani," akasema, "mle godoroni umeweka upupu?"

"Umeamka mara ngapi?"

"Mara ngapi! Sikulala, ningeamkaje?"

Tulilileta godoro uwanjani akalipasua kwa kisu. Lilikuwa gunia nililolishona mwenyewe. Harufu ikatoka, uchachu wa jani la mkonge lililolowa. Ndani singa zilikuwa zimeshikana, na katikati yake vipande vya jani, vyeusi, vyenye unyevu. Nikaviona nikajua, na nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona.

Utomvu wa mkonge unawasha. Hilo mtoto wa kambini analijua. Tulipokuwa tunakata, tulikuwa tunajipaka mafuta mikononi kwa ajili hiyo. Singa zikishaoshwa, zikaanikwa na kupigwa brashi haziwashi tena, na watu wote kambini walijaza magodoro yao kwa mabaki ya chumba cha brashi, waliyoyatoa kidogo kidogo chini ya nguo. Mabaki hayo yalikuwa mali ya shamba, yanafungwa robota na kuuzwa. Mimi sikutaka kuiba. Mwishoni mwa Januari nilikwenda kwenye mfereji wa makapi, pale korona inapotema uchafu wake, nikaokota singa fupi zilizotupwa, nikazianika siku tatu bila kuziosha. Jua lilikuwa kali nikaona zimekauka. Mke wangu alinishauri ningoje, angeniletea sufi kutoka kwao. Nikamwambia haina haja.

Februari yote nililala vizuri, ndiyo maana sikulishuku godoro. Lakini daftari lilikuwepo. Niliingia ndani nikalileta, nikasoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe, mtani wangu akisikiliza. Jua kali, mstari mmoja. Mvua, mistari mitano. Mawingu bila mvua, mitatu. Mvua, sita. Unyevu ulikuwa unauamsha ule utomvu, nao ukiniamsha mimi. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu na sikuyasoma.

Mtani akalitazama lile rundo uwanjani. "Kwa hiyo kambi nzima wewe peke yako hukuiba, na wewe peke yako hukulala."

"Nilisema kunguni ni wa kwako," nikamwambia. "Nilimwambia nyapara."

"Najua. Ukuta haufiki juu, mnavyonong'ona nasikia."

"Nitakwenda kumwambia nilikosea."

"Nenda. Lakini kuku yupo palepale."

Nilikwenda mchana huohuo. Nyapara alikuwa mbele ya nyumba yake ananoa panga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote, makapi, mvua, na kwamba jirani yangu hakuwa na kunguni. Nilikuwa na wasiwasi kwamba akisikia nilivyolala atanirudisha kukata papo hapo, kwani sasa anajua kwa hakika kwamba sijalala wiki mbili. Lakini nusu ya maneno isingetosha.

Akajaribu makali ya panga kwa kidole. "Kwa hiyo kunguni ulikuwa wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Kesho nitakuja kukutazama macho. Yakiwa mekundu, unachukua kisu unakwenda shambani. Na yule mwenzako mwambie nimekosea kumharibia Jumapili. Hapana, usimwambie. Nitamwambia mimi."

Jumatatu, tarehe kumi na nane Machi. Mvua usiku, ikakatika tulipokuwa tunakwenda kazini. Mistari hakuna.

Nyapara alikuja kabla mashine haijawashwa. Alimwendea kwanza mtani wangu, wakasemezana sikusikia nini, wakacheka. Kisha akaja kwangu, akanishika kidevu kama dresa, akanitazama jicho la kushoto na la kulia. Akasema, "Lisha." Korona ikaanza kunguruma, majani yakaja, nami nililisha zamu nzima, mikono yangu ikijua mahali pake. Ni mambo machache ninayoweza kuyasema bila kujitilia shaka, lakini hili nalisema. Siku ile nilifanya kazi vizuri, na baada ya hapo sikusinzia tena mezani.

Godoro tulilirudisha nilikolitoa, kwenye mfereji wa makapi. Nilimwuliza mtani kwa nini nikomboe kitu ambacho hata yeye amekitupa. Akasema godoro ni langu na kuku ni wake, na mambo hayo mawili hayahusiani.

Jioni tulikula ugali na kuku wa kuchemsha, na mchuzi uliotiwa nyanya za kwetu. Mtani wangu alikula firigisi.