Mkono wa Chepkurui na Vibuyu vya Koito

Chepkurui wa Chepilat hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Alikuwa na shamba dogo la chai, ng'ombe wawili, mahali pake pa siku zote kanisani, na sifa moja iliyojulikana mpaka ng'ambo ya mto: mursik yake. Wengi hugandisha maziwa katika kibuyu, lakini yake yalikuwa laini, yenye rangi ya majivu na harufu ya moshi uliotulia. Siri ilikuwa katika kuandaa kibuyu. Kijinga cha mti wa senetwet hutiwa ndani kingali chekundu, kisha ufito wa mtende uliochanwa ncha kama brashi hukiponda na kukisugua, mkono ukigeuka, kiganja juu, kiganja chini, mpaka kuta zote zipakwe mkaa. Mama yake alimfundisha kazi hiyo kabla hajajua kusoma.

Mwezi wa Juni aliteleza kwenye njia ya kituo cha kupimia majani ya chai. Kikapu kilikuwa mgongoni, na mkono wa kulia ndio uliomtangulia chini. Bintiye Chelimo alikuwa amekwisha kuchumbiwa. Mwishoni mwa Agosti jamaa wa mwanamume wangekuja rasmi kwa koito, sherehe ya kupatana mahari, na mursik ya siku hiyo ilipaswa kutoka katika vibuyu vya mama wa binti.

Picha ya hospitali ilionyesha mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika vipande vitatu.

"Plasta peke yake haitaushika, mama," alisema daktari Obure. "Nitaweka bamba la chuma na skrubu."

"Na nitaweza kugeuza mkono?"

"Kugeuza namna gani?"

Akamwonyesha kwa mkono wa kushoto, akisugua kibuyu kisichokuwapo. Daktari akacheka. "Kumbe niko na fundi wa mursik!" Kisha akavuta kiti, akamweleza bila haraka. Juu ya mfupa ule, alisema, umelala msuli mfupi, mpana, wa pembe nne, na huo ndio unaosaidia kiganja kutazama chini. Mara nyingi hukatwa ili kuufikia mfupa, halafu hushonwa. Yeye angeuinua tu, alipitishe bamba chini yake, kama mtu anavyosukuma barua chini ya mlango.

"Siahidi miujiza. Hata waliokatwa hupona. Lakini msuli ukibaki mzima, majuma ya mwanzo huenda yakawa mepesi, na wewe una wageni."

Upasuaji ulikwenda salama. Kilichokaribia kuuharibu mkono ni upendo.

Wanawake wa kanisa walifika kwa zamu. Huyu alikamua, yule alichota maji, mwingine aliosha hata kikombe ambacho Chepkurui alikuwa bado anakinywea. Kuwakataza kungekuwa kuwadharau. Chepkurui akaufunga mkono kifuani ndani ya shuka, akautunza kama yai, akiamini kwamba chuma kinataka utulivu.

Baada ya majuma mawili alimwambia Phanice, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa fahari kabisa: "Sijautumia hata kidogo!"

Phanice akashika kiuno. "Haiya! Daktari amekuachia msuli wako mzima, halafu wewe unaulaza kama mgonjwa wa malaria? Vidole ni vya kukunja tangu siku ya kwanza. Na leo tunaanza kugeuza. Pole pole, bila mzigo."

Siku ile kiganja kiligeuka kidogo tu, kikagoma. Chepkurui aliporudi nyumbani aliwakuta wasaidizi wa zamu.

Jirani yake Nyamoita, Mgusii aliyeolewa upande huu wa mpaka, kwa Wakipsigis, miaka thelathini iliyopita, ndiye aliyesimama mlangoni na kuwarudisha wasaidizi. "Asanteni, mabinti wa Mungu, nendeni mkapumzike. Huyu ana kazi." Kisha akamgeukia: "Mama Chelimo, geuza. Ama unataka wakwe wanywe soda?"

"Nyamoita, una mdomo!"

"Ninao. Wewe geuza."

Aligeuza asubuhi kabla ya kukamua, akageuza jioni akisikiliza taarifa ya habari. Julai alishika kijiko, kisha ufagio. Agosti, Phanice alipotazama picha mpya na kumruhusu, Chepkurui aliwasha kijiti cha senetwet, akakitia kibuyuni, akashika ufito.

Mkono uliuma kidogo. Ukageuka. Kiganja kikatazama chini, kikarudi juu, na moshi ukapanda mpaka machoni. Chepkurui alisimamisha kazi akashukuru kwa Kikipsigis, kwa maneno ya mama yake, akawataja mmoja mmoja: Obure, Phanice, Nyamoita, na hata wale waliomwoshea kikombe.

Chelimo alisogea kutaka kumpokea ufito. "Mama, pumzika, nimalizie."

"Keti hapo uangalie," akamwambia. "Kisha niletee kibuyu cha pili."