Mie na Nyonga ya Popi

Nichekeni tu, jamani, mke wangu ameshaanza.

Jumamosi iliyopita balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Salumu, alituita kazi ya kujitolea, kuchimba mtaro hapa kwetu Temeke. Sasa mie na jembe hatupatani kabisa. Nikamkumbuka mbwa wangu Popi. Bwana mifugo alimkagua juzi tu, akanieleza kwamba nyonga zake hazikukaa sawa tangu utoto, na gegedu, lile tabaka linalokinga mifupa isisagane, limelika. Maelezo yote nilikuwa nayo kichwani. Ya nini yaozee humo?

Nikafika mtaroni nachechemea.

"Shikamoo, mzee. Nyonga inaniua. Gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa. Asubuhi kuinuka ni vita."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu!" Mzee akaniwekea kigoda kivulini. Mama mmoja akaniletea uji wa moto. Wenzangu wakaendelea kutoka jasho huku wakinionea huruma.

Hapo ningenyamaza. Lakini uji ulikuwa mtamu, nami nikataka bakuli la pili.

"Tena nikikimbia," nikaguna, "miguu ya nyuma inaruka yote miwili pamoja."

Majembe yakasimama hewani.

"Miguu ya nyuma?" akauliza Mzee Salumu.

Popi naye, aliyekuwa akinifuata polepole tangu nyumbani, ndipo akatokea, anachechemea vilevile kama mie. Mzee akamtazama, akanitazama, akaninyooshea jembe.

"Inuka, ndugu. Mpishe mgonjwa kivulini."