Mstari Mgongoni mwa Zipu

Shangazi yangu ni fundi wa friji, na kwa miaka thelathini hajawahi kumwamini mteja. Mtu akiingia karakana na kusema friji imejizima yenyewe, Shangazi hagusi hata skrubu. Anafungua daftari na kuuliza, "Ilichomolewa lini? Kwa muda gani? Na nani?" Mteja ataapa mbingu na ardhi, lakini mwishowe hukumbuka kwamba shemeji alipita kuchaji simu.

Nyumbani hana ukali huo. Nyumbani ana chatu. Si wale wa kumeza mbuzi. Huyu ni wa aina ndogo inayofugwa, ukimshtua anajiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wenzake huwa na mabaka ya kahawia yaliyokaa ovyo ovyo. Yeye ana mstari mmoja wa rangi ya asali, umenyooka kutoka shingoni hadi mkiani, na ndiyo maana tunamwita Zipu.

Alianguliwa humu humu ndani, katika friji mbovu ambayo Shangazi aliigeuza sanduku la kutotolea mayai kwa kutia waya wa joto. Mayai yalikuwa matano. Matatu yaliharibika, mawili yakatoa watoto: mmoja wa kawaida, na Zipu. Tangu hapo Shangazi akawa na swali moja tu: mstari ule umo kwenye damu, au umetokea tu?

Alitaka sana uwe wa damu. "Maisha yangu yote natengeneza vya watu vilivyoharibika," aliniambia. "Safari hii kitu kipya kimeanzia kwangu."

Zipu alipokomaa, Shangazi alimpandisha na dume la kawaida. Watoto sita, wote mabaka. Mimi nilidhani yameisha. Shangazi akachota vifungo vya shati kwenye kopo na kuvipanga mezani.

"Kila mtoto anapewa viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Huenda mstari unataka vyote viwe vyekundu. Hawa sita wana chekundu kimoja, kwa hiyo hauonekani. Nikimpandisha mmoja wao na mama yake, kama umo, nusu ya watoto watautoa."

"Na kama haumo?"

"Wewe binti, mbona una haraka ya kuzika?"

Nilikuwa nayo, na nilijua kwa nini. Zipu alipokuwa yai, Shangazi alisafiri siku tatu kikazi, akaniachia nyumba. Nilichomoa plagi ya sanduku ili nipige pasi sare ya shule, nikasahau kuirudisha. Siku ya tatu nilipogusa ndani, kulikuwa baridi. Nikaichomeka na kufunga mdomo. Mayai matatu yalipoharibika nililia naye, na machozi yalikuwa ya kweli. Baadaye alisoma mahali kwamba yai likipigwa na baridi, chatu anaweza kutoka na mchoro wa ajabu. "Bahati nzuri sanduku langu halijawahi kuzima," alisema. Nikaitikia, "Kweli, Shangazi." Uoga ulioje!

Basi miaka ikapita, mwana wa Zipu akakua, akapandishwa na mama yake, na asubuhi ya juzi mayai saba yakaanza kupasuka. Shangazi hakwenda karakana. Tulichuchumaa mbele ya sanduku. Kichwa kimoja kilichungulia, mwili ukafuata: mabaka. Wa pili, mabaka. Kufika wa tano Shangazi alikuwa amenishika mkono na hajui kama amenishika. Wa saba alichelewa mpaka saa tisa alasiri, akatoka na mabaka mazuri tu.

"Inaweza kuwa bahati mbaya," alisema. "Nitajaribu tena. Miaka mingine mitatu siyo mingi."

Ana miaka sitini na nne. Nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, sanduku lilizima. Mimi ndiye niliyelichomoa."

Aliinuka. Kisha akaenda kwa Zipu, akapitisha kidole juu ya mstari wake, mpaka mkiani.

"Miaka saba," alisema. "Wateja wote nimewauliza. Wewe tu sikukuuliza."

Nilianza kuomba msamaha, akanyoosha mkono ninyamaze. Akatoa daftari mfukoni.

"Lini?"

Nikamwambia. Ilikuwa wiki ya tatu ya mayai.

"Kwa muda gani?"

"Jumatatu asubuhi mpaka Jumatano mchana."

"Yai la Zipu lilikaa upande gani? Wa mlangoni?"

"Wa mlangoni."

"Na mwenzake aliyetoka kawaida?"

"Nyuma kabisa. Chini ya mengine."

Kalamu ilisimama. "Chini ya mengine," alirudia polepole, na macho yake yakaanza kuchangamka, ingawa yalikuwa yamelowa. "Kumbe yale yalimkinga. Hata hivyo bado hatuna hakika, na sitaua mayai mengine ili niipate." Akageuza daftari upande wangu. "Jibu la tatu ujaze mwenyewe."

Chini ya neno "Nani" nikaandika jina langu.