Kikombe cha Mama Jukwaani

Muziki wangu wazee wa kanisa waliuita wa kufokafoka na hawakuupenda hata kidogo. Mimi walinivumilia kwa sababu nilikuwa na ushuhuda mzito. Nilikuwa mlevi wa gongo, nimelala kwenye mitaro ya Maisaka hadi mbwa wakanizoea, kisha nikaokoka. Nilikuwa na miezi minane sijagusa kikombe.

Babati ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa. Wageni walikuwa wengi mjini, na makanisa yaliwagombania. Mchungaji wetu akaandaa mkutano wa nje, akataka niimbe siku ya mwisho. Nilimwimbia mistari yangu, akasikiliza huku amefumba macho.

"Nzuri," alisema, "ila haijaniuma. Ulianzaje kunywa? Watu wanataka kujua umetolewa wapi."

Nilijua vizuri nilikoanzia. Tangu baba atuache, mama alikuwa anapika gongo nyumbani kwetu Singe, nyuma ya banda la ng'ombe. Mwenyewe hakuinywa, alikuwa na vidonda vya tumbo. Aliipima kwa kiberiti, ikiwaka moto wa bluu anajua ni kali, lakini wateja walilalamikia ladha, kwa hiyo akahitaji ulimi wa mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule ananipa kikombe cha bati nionje, kisha niteme. Sikuwa natema.

Leo nashindwa kumkasirikia. Wakati ule nilikuwa na hasira tele, na nilipoketi kuandika, mistari ilikuja yenyewe:

*Nilionja nikiwa jikoni, umri wangu miaka tisa,*
*kikombe kanipa mama, nuru yangu ikawa kiza.*

Nikaifanya kiitikio. Mchungaji alipoisikia alipiga meza kwa furaha.

Kisha nikafanya ujinga ambao sijamaliza kuujutia. Nikaenda kumbembeleza mama aje. Kanisani hakuwa amekanyaga miaka mingi, kwa maana kina mama walikuwa wanamkwepa kwa sababu ya biashara yake. Nilimwambia aje asikie Mungu alivyonitoa. Sikumwambia kuhusu kikombe. Nilijidanganya kwamba akisikia ataguswa, aokoke naye, tuwe sawa.

Alikuja amevaa kitenge chake cha harusini. Alikaa benchi la mbele, na kabla kanda ya biti haijawekwa nilimwona anamwambia mama wa pembeni, huku akinionyesha kwa kidevu, "Yule ni mwanangu."

Niliimba vizuri, sitadanganya. Watu walikuwa wamesimama. Nilipofika kwenye kikombe, mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea benchi la mbele, kwa mazoea tu ya jukwaani. Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

Mchungaji akachukua kipaza sauti, akasema mama huyo naye aombewe. Wanawake wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakaanza kukemea pepo la pombe kwa mtu ambaye hajawahi kulewa. Kilemba chake kikaanguka. Hakulia wala hakubishana nao. Alikuwa ananitazama mimi, nami nikaendelea na ubeti wa tatu.

Wiki ile watoto wa Singe walikuwa wanaimba kiitikio mlangoni kwake. Mgambo, ambao baadhi yao walikuwa wateja wake wa siku nyingi, wakaona aibu kuendelea kujifanya hawajui. Walikuja wakatoboa pipa lake la kupikia, wakamweka ndani siku mbili. Alipotoka alifunga virago akaenda kwa kaka yake, huko Dareda. Hakuniaga.

Mimi niliendelea kualikwa, mara Nakwa, mara Maisaka. Watu walikuwa wanaacha pombe kweli. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia kile kikombe ndicho kilichomtoa kilabuni, nami nikaitikia amina huku moyo unaniuma. Maana kulikuwa na jambo ambalo sikuliimba. Nilipoacha gongo nilitetemeka siku sita, najisaidia kitandani, namtukana kila anayeingia. Kanisa lilikuja siku ya saba. Hizo sita aliyekuwa nami ni mama. Alinikokota kutoka mtaroni kwa toroli, akaninywesha uji kwa kijiko, na siku zote hizo hakuwasha moto chini ya lile pipa nisije nikasikia harufu.

Nikaandika ubeti mpya, wa toroli na uji, nikaupeleka Dareda. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa amekonda, na mikono haikuacha kupukuchua. Nilimwambia nimekuja na ubeti wake, nikamwimbia bila biti, napiga mapigo kwenye paja. Nilipomaliza alipuliza makapi kwenye ungo.

"Huu nao utauimba mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama. Nataka wajue."

Akachukua hindi lingine, akaligeuzageuza. Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya uwanjani.

"Unakunywa?"

"Hapana, mama."

"Basi. Mimi nilitaka hilo tu," alisema. "Usiniimbe tena."