Kibandiko cha Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo mmoja na amri moja. Mfamasia Mkuu wa hospitali moja ya Deira, Dubai, alikuwa Msudani mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinisimamisha mbele ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, akaniambia nihesabu vichupa vya mofini, dawa ya yale maumivu ambayo panadoli haiyagusi. Rejista ilisema vichupa kumi. Nilihesabu nikapata tisa. Nikarudia, tisa. Mara ya tatu jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, maana nilikuwa mgeni, na mgeni hapendi kuanza kazi kwa kumwambia mkubwa wake kwamba kabati lake lina kasoro. Nikaandika tisa.

Akatia mkono mfukoni mwa koti lake jeupe, akatoa kichupa cha kumi.

"Umeona tisa, umeandika tisa," akasema. "Wawili waliokutangulia waliandika kumi ili wanifurahishe. Yalla, vaa koti, kaa hapo."

Nikakaa kwenye kazi ile mpaka nikastaafu. Naitwa Zuwena. Wazee wangu ni watu wa Unguja waliohamia Dubai nikiwa bado skuli, na nyumbani kwetu ukisema "shule" unaulizwa umeibeba wapi hiyo. Nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya dawa leo mna kompyuta inayokataa yenyewe mkikosea. Sisi tulikuwa na rejista, kalamu na haya za uso, na sioni aibu kusema kwamba tuliifanya kazi vizuri.

Kabati lile lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mfamasia wa zamu, wa pili muuguzi mkuu wa wodi, na hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Kila dawa ikitoka tulikwenda wawili, tukahesabu wawili, tukatia sahihi wawili. Wafagiaji walikuwa wakituona tunapita pamoja wakituita maharusi. Kosa la kuandika halikufutwa. Ulipiga mstari mmoja juu yake ili lisomeke bado, ukaandika sahihi pembeni. Mfamasia Mkuu alikuwa akisema mtu anayefuta ana jambo.

Baadaye nilipelekwa kwenye kliniki ya Dubai Investments Park, kuliko na viwanda, maghala na mabweni ya wafanyakazi. Huko ndiko Kiswahili changu kilikopata kazi. Walinzi wa Kikenya na Kiuganda walikuja dirishani na kadi za wenzao. "Madam, ni beshte yangu, ako job, nipe tu dawa yake nimpelekee." Moyo unataka kumpa, maana unaona kweli ametoka zamu na miguu imemvimba. Lakini dawa zinazodhibitiwa hazipelekwi kwa urafiki. Mmoja aliniambia nina roho ya chuma kama kabati langu. Nikamwambia kabati angalau lina ufunguo wa pili, mimi sina.

Hapo nieleze habari ya muuguzaji, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Muuguzaji simaanishi muuguzi wa hospitali. Ni yule anayekaa na mgonjwa nyumbani, anayemgeuza kitandani na kumlisha uji. Mgonjwa asiyeweza kuja dirishani aliandikisha jina la muuguzaji wake, na huyo tu ndiye aliyepewa dawa, tena kwa kitambulisho chake mwenyewe mkononi. Siku hizi nasikia kuna nchi ambako hata bangi hutolewa dirishani kama dawa. Mwanamme mmoja aliwahi kutuletea barua ya daktari wa ng'ambo akimtafutia baba yake mafuta ya bangi. Mkubwa wangu alimwambia, "Cheti cha kwao kinafungua kabati la kwao." Tukamrudisha kwa daktari wetu, mzee akaongezwa mofini, akalala. Lakini udadisi ulinishika, nikazisoma kanuni za huko, nikacheka peke yangu. Jina la mgonjwa, jina la muuguzaji, kadi, kipimo, na usimpe mwengine. Ni ndugu wa damu wa kanuni zetu.

Nilirudi Deira nikiwa msimamizi wa dirisha la wagonjwa wa maumivu ya kudumu. Mfamasia Mkuu sasa alikuwa mama wa Kerala, mfupi, asiyepoteza neno. Yeye ndiye aliyenituma niandike karatasi ya kanuni za wauguzaji, kwa lugha zote za dirishani petu, Kiswahili kikiwemo. Niliandika kanuni tisa. Nilizisoma kwa sauti kwa kila muuguzaji kabla hajatia sahihi, na nilijiona fundi hasa.

Nyingi zilihusu vibandiko. Kibandiko ni kipande chembamba kama plasta, kina dawa kali kuliko mofini. Hubandikwa mgongoni au kifuani na dawa ikapenya ngozini kwa siku tatu. Kikitolewa bado kina dawa ya kumuua mtoto, ndiyo maana hukunjwa gundi kwa gundi na kurudishwa hospitali. Boksi lilikuwa na vitano. Hupati boksi jipya mpaka vitano vya zamani virudi.

Chebet alikuwa muuguzaji bora kuliko wote niliowapa dawa. Msichana wa Kericho, Mkristo, aliajiriwa na familia moja ya Kiarabu kumuuguza bibi yao mwenye saratani ya mifupa. Alivibandika vibandiko vyake vya zamani kwenye karatasi, kimoja kimoja, na tarehe chini. Niliwahi kumwambia kwamba akiacha kuuguza aje achukue kiti changu.

Bibi alifariki. Siku chache baada ya mazishi Chebet alikuja kurudisha dawa zilizobaki, safari hii akiwa na mtoto wa kiume wa marehemu, arbab wake, yaani mwajiri wake. Nikahesabu. Vilivyotumika viwili, vipya viwili.

"Chebet, cha tano kiko wapi?"

"Kilikuwa kwa mgongo wa bibi, madam. Hapa kwa bega."

"Ulikitoa?"

Akatikisa kichwa. "Wakati alikata roho waliniambia nitoke kwa room. Wakaanza kuomba. Sikurudi tena, nilisikia ni vibaya mimi nimguse."

Arbab hakujua Kiswahili, lakini vidole vyangu vinne vilimtosha. "Ameuza," akasema kwa Kiarabu. "Nimemweka nyumbani kwangu, karibu na mama yangu, naye anauza. Khalas, napiga simu polisi."

Chebet alilijua neno polisi. Akakamata ukingo wa dirisha. "Mama," akaniambia, akaliacha lile la madam, "nimebakisha mwezi mmoja niende nyumbani. Mpekue room yangu, mpekue simu yangu. Mimi sijauza kitu."

Nilimwamini. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye rejista. Kibandiko kikikosekana, kulikuwa na fomu ya upungufu, nayo ilipelekwa juu kabla ya zamu kwisha. Ikishapanda, haikuwa mikononi mwetu tena. Kwa dawa ya namna ile, mtu wa mwisho aliyetia sahihi ndiye anayeulizwa, na wanaouliza si watu wa hospitali.

Niliingia kwa Mfamasia Mkuu nikamweleza. Nilitaraji, nakiri, aniambie nivute muda.

"Umeona ngapi?" akaniuliza.

"Vinne."

"Andika vinne." Akatazama saa ya ukutani. "Zamu yako inaisha saa tisa. Fomu nitaipokea saa tisa, si kabla. Huyo bwana mwambie simu yake ingoje mpaka hapo."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nikamwambia arbab akae, akakaa kwa hasira, simu mkononi. Nikajaza fomu kwa herufi zangu nzuri. Nilipofika mahali pa kuandika "kibandiko kilipoonekana mara ya mwisho", nikaandika "begani mwa mgonjwa", na kalamu ikasimama hapo.

Mimi nimemkosha mama yangu mzazi kwa mikono hii. Kwetu Waislamu maiti hakoshwi juujuu. Maji lazima yafike kwenye ngozi yote. Pete huvuliwa, rangi ya kucha hukwanguliwa, na plasta, hata iwe ndogo kama ukucha, hubanduliwa. Chebet asingeweza kulijua hilo. Na arbab, aliyelijua tangu utotoni, hakukumbuka, kwa sababu wanaume hawamkoshi mama yao. Nami, niliyelijua kuliko wote wawili, nilihitaji fomu kunikumbusha.

Nikampigia simu binti wa marehemu, dada yake arbab. Nilimpa mkono wa taazia kwanza, kama inavyopasa, kisha nikamuuliza kwa adabu nani aliyemkosha mama. Akasema ni wanawake wa pale makaburini, na yeye alikuwepo akimwaga maji.

"Begani palikuwa na plasta?"

Akasema taratibu kwamba ilikuwapo. Mkoshaji aliibandua akaifunga ndani ya pamba. Vitu vyote vya mama, nguo ya kulalia, pete, hicho kipande, viliwekwa ndani ya mfuko wakapewa.

"Na mfuko uko wapi, mama?"

"Sikuweza kuvumilia kuuona ndani ya nyumba," akasema, na hapo alikuwa analia. "Nilimwambia kaka yangu auchukue. Bado anao kwenye gari."

Niliiweka simu chini polepole. Arbab alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Tulishuka wote wanne kwenye maegesho, mimi, yeye, Chebet na muuguzi wa ufunguo wa pili, maana jambo la kabati ni la watu wawili hata nje ya kabati. Alifungua buti ya gari. Mfuko ulikuwa pembeni, fundo halijafunguliwa. Akaugusa, akarudisha mkono. Jitu zima, na hakuweza.

"Mfungulie," nikamwambia Chebet.

Chebet alipiga magoti kwenye saruji akafungua. Aliitoa nguo ya kulalia, akaikunja vizuri kama alivyoikunja kila siku bibi alipokuwa hai, akampa arbab aishike. Ndani ya pamba kilikuwamo, gundi kwa gundi. Nikakihesabu kwa sauti: kimoja. Muuguzi akasema: kimoja. Arbab alikuwa ameuficha uso wake ndani ya ile nguo. Alipouinua alimwambia Chebet kwa Kiarabu chepesi, ili afahamu, "Nisamehe, binti yangu. Ulimpenda mama yangu, nami nilikuita mwizi." Chebet akajibu "maalesh, baba," yaani si kitu, kisha ndipo akalia.

Saa tisa kasorobo nilipiga mstari mmoja juu ya fomu, isomeke bado, nikatia sahihi pembeni. Mwezi uliofuata Chebet alikwenda kwao. Tikiti alikatiwa na arbab.

Sasa mtanisifu, nami nakubali kusifiwa kidogo. Lakini usiku ule wote kosa lilinikereketa, na lilikuwa langu. Nilikuwa na kanuni tisa, na hata moja haikusema mgonjwa akifa itakuwaje. Tuliandika kama kwamba watu wenye saratani ya mifupa hupona wote. Msichana wa watu alikuwa karibu kufungwa kwa sababu mimi niliona haya kuandika neno kifo.

Asubuhi nikampelekea Mfamasia Mkuu kanuni ya kumi: "Mgonjwa akifariki na kibandiko mwilini, mwambie anayemkosha au anayemwandaa, mwoneshe kilipo, kisha kirudishe hapa pamoja na vyengine. Poleni kwa msiba."

Akaisoma mara mbili. "Zuwena, fomu haitoi pole."

"Hii itatoa," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumbishia. Akatia sahihi. Karatasi ile ikaenda kwa lugha zote, na siku niliyostaafu ilikuwa bado ukutani.

Sasa nakaa kwa mwanangu Jumeirah Village Circle, mbali na Deira hata ukipanda basi ukaunganisha metro. Mwaka huu mume wangu, Nassor, ameingia kwenye orodha ya vibandiko. Nilikwenda dirishani kumchukulia. Alikuwepo binti wa Kikenya, koti jeupe limenyooka, hanijui simjui.

"Kitambulisho chako, mama."

Nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nikamwambia mimi nilifanya kazi hapa, dirisha hili hili.

"Sikatai, mama. Lakini siwezi kukupatia bila kitambulisho. Pole sana."

Nikarudi kwa basi na metro, nikamsimulia Nassor. Akacheka mpaka maumivu yakamkataza. "Muosha huoshwa, Zuwena." Nikarudi tena mchana ule ule na kitambulisho, na nimejaa fahari, kwa sababu dirisha langu lilikuwa kwenye mikono mizuri.

Binti akatoa karatasi ya Kiswahili, akaanza kunisomea kwa sauti, kanuni moja moja. Sikumwambia nani aliiandika. Alipofika ya tisa akasita, akaniangalia, kisha akaanza kuigeuza karatasi ili nitie sahihi tu.

"Bado moja, mwanangu," nikamwambia. "Kanuni ni kuzisoma zote."

Akaisoma. Akashusha sauti, akaenda nayo taratibu mpaka "poleni kwa msiba", na mimi nikashika ukingo wa dirisha. Nassor alikuwa nyumbani, hai, akinisubiri. Miaka yote nilitia sahihi upande wa kulia, pa mtoa dawa. Nikaichukua kalamu, nikatia kushoto.